Zamu ya Kucheka

Maneno ya kamati ya fedha katika mkutano wa maandalizi ya harambee ya mwaka

  

Sisi wa kamati ya fedha mmetuzoea kwa mambo mawili, kusoma mapato na kusoma matumizi. Kila mwaka tukimaliza mnatupigia makofi, na tunajua ni kwa sababu chakula kiko tayari. Safari hii mapato na matumizi mtayakuta kwenye kurasa za katikati za kijarida. Tumeomba dakika chache tusahihishe kosa moja ambalo halimo kwenye vitabu vya hesabu. Limo kwenye muhtasari.

Muhtasari wa mkutano wa mwaka jana, kipengele cha mfuko wa elimu, unasema hivi kuhusu ombi la sita: "Halikujadiliwa kwa kukosa muda." Sisi ndio tulioyaandika maneno hayo, tukayatia saini. Si ya kweli. Muda ulikuwepo.

Mliokuwepo mnakumbuka. Tulisoma ombi la uuguzi, la uhandisi, la ualimu, mawili ya uhasibu. Ombi la sita lilikuwa la binti yetu anayesoma shahada ya uzamili katika falsafa. Aliandika kwamba anachunguza utani na ukandamizaji: ni lini mzaha unamkandamiza mtu, na ni lini unampa mnyonge nafasi ya kupumua. Kabla hatujamaliza kusoma, mmoja wetu pale meza kuu akauliza kwenye kipaza sauti, "Kwa hiyo atakuja kutufundisha kucheka?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sisi ndio tuliosikika kuliko wote, maana vipaza sauti vilikuwa mbele yetu. Binti mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango na kreti ya soda mikononi, kwa kuwa alijitolea kuhudumia wageni. Akaiweka chini, akatoka. Sisi tukaendelea na ombi la saba.

Miezi mitatu baadaye tulimfuata kumwomba radhi. Hakutukaripia. Alitukaribisha chai, kisha akatuuliza swali moja: "Wajomba zangu na shangazi zangu, utani una zamu. Mpare akimtania Mchaga leo, kesho Mchaga anarudisha, hata kama ni msibani. Mimi zamu yangu ilikuwa lini?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwomba atupe cha kusoma, naye akatupa, na tangu hapo tumekuwa tukisoma baada ya kazi, sisi watu wa debiti na krediti. Haya ndiyo tuliyoyapata.

La kwanza, somo hili lina umri mrefu. Plato, yule Mgiriki wa kale, katika kitabu chake kiitwacho Philebus, anasema tunayemcheka ni mtu asiyejijua ambaye pia hana nguvu ya kulipiza. Mwenye nguvu asiyejijua hachekeshi, anatisha. Soma hapo mara mbili, maana ndipo zilipo hesabu zenyewe: kabla hatujacheka tumeshapima kama tunayemcheka anaweza kuturudishia. Mwingereza Thomas Hobbes naye, katika Leviathan ya mwaka 1651, aliandika kwamba kicheko kinatokana na kujiona ghafla tumekuwa bora kuliko mwenzetu, na kwamba wanaopenda sana kucheka kasoro za wengine ni wale wanaojua kwamba wao wenyewe wana uwezo mdogo. Tulipofika hapo tulifunga kitabu kwa siku mbili.

La pili, wapo watu ambao hii ndiyo kazi yao ya maisha, nao wanaajiriwa na vyuo vikuu kuifanya. Mwaka 1986 mwanafalsafa wa Marekani, Merrie Bergmann, aliandika makala kuhusu mizaha inayowadharau wanawake. Hoja yake sisi wahasibu tuliielewa haraka: mzaha wa namna hiyo hauchekeshi bila mtaji, na mtaji huo ni imani ya dharau. Msikilizaji asiyeiamini dharau hiyo, na asiyejua kwamba wengine wanaiamini, hataona cha kucheka. Sasa turudi kwenye swali lile la meza kuu. Ili lichekeshe, ilibidi ukumbi mzima uwe tayari umeleta imani fulani mfukoni: kwamba mtoto wa kijijini, tena wa kike, hana ruhusa ya kukaa na kufikiri tu, asome kitu kitakacholeta bati haraka. Imani hiyo haikusemwa na mtu. Kicheko ndicho kilichoisema.

Mwingine ni Luvell Anderson, Mmarekani mweusi ambaye amefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Memphis na baadaye Syracuse. Mwaka 2013, pamoja na Ernie Lepore, alichapisha uchunguzi kuhusu maneno ya matusi ya rangi na kwa nini yanauma. Mwaka 2015 akaandika kuhusu mizaha ya kibaguzi. Watu wengi huwa na majibu mawili tu, ama "huo ni ubaguzi" ama "huo ni utani tu, acha hasira". Anderson alikataa kuishia hapo. Aliweka safu tatu, na kwa maneno yetu ni hizi: mzaha unaogusa rangi ya mtu bila kumkandamiza, mzaha unaotolewa kwa kutojali, msemaji hakufikiria unamwangukia nani, na mzaha ambao ni ubaguzi wenyewe. Mwaka 2020 akarudi tena, safari hii akichunguza ile desturi ya kwao ya kumtania mtu hadharani kwa maneno makali, yeye akiwa amekaa hapo hapo, na maadili yanayoiongoza. Sisi tuliokulia kwenye utani tulijiona tumefika nyumbani.

Tunawauliza: swali letu la mwaka jana tuliweke safu ipi? Tulipoanza kusoma tulijiweka safu ya kwanza. Baada ya muda tukashuka ya pili. Mzee mmoja wa kamati amesema tusiache kufikiria ya tatu, ingawa hapakuwa na rangi, maana umaskini na jinsia navyo vina wanaovikanyaga.

La tatu liko kwetu Upare. Mwaka 1945 wazee wetu waliandamana kwa maelfu hadi Same kupinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, na wakakaa huko. Habari hizi Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizitungia kitabu mwaka 1971. Mwanzoni mwa mwaka 1946 wanawake nao wakatoka. Wazee mtatusamehe kwa maneno haya, lakini ndiyo yaliyosemwa: pale Usangi walimtaka afisa wa serikali ya kikoloni achague moja, ama amalize mgogoro wa kodi waume zao warudi, ama yeye mwenyewe awape mimba wote, kwa kuwa wanaume wamekaa mno Same.

Hebu fikirini. Mtu mwenye askari, mwenye jela, mwenye daftari la kodi, amesimama mbele ya wakulima wa kike. Angejibu nini? Akisema ndiyo, amekwisha. Akisema hapana, amekiri kwamba hao wanaume wanahitajika nyumbani. Bibi zetu hawakuwa wanachezea jambo. Njaa na kodi vilikuwa vya kweli. Lakini kwa sentensi moja walimfanya mtawala aonekane kichekesho, na kumbe alikuwa yule mwenye nguvu ambaye Plato alisema anatisha. Kodi ile baadaye iliondolewa. Ilihitaji maandamano, vifungo na uvumilivu mwingi, hatusemi iliondolewa kwa maneno peke yake. Tunasema maneno yale yalikuwa sehemu ya mapambano, na hakuna aliyewafundisha chuoni.

Binti yetu anataka kuandika hayo. Anataka kueleza tofauti ya kicheko kinachopanda, kama kile cha Usangi, na kicheko kinachoshuka, kama kile cha ukumbini kwetu. Tulimcheka mtu anayekwenda kusoma kazi ya bibi zetu.

Tunajua swali linalokuja, na ni swali la haki: ajira iko wapi? Hatutawadanganya. Nafasi za kufundisha falsafa ni chache, na kamati haiwezi kuahidi kwamba ataipata. Lakini hata wahasibu tuliowasomesha hatukuwaahidi kazi, na wapo wanaotafuta hadi leo. Hilo hatukuwahi kulicheka. Mfuko huu katiba yetu inasema ni wa elimu. Hakuna kifungu kinachotaja somo. Na kwa wanaopenda tarakimu: anachoomba, yaani ada ya mwaka wa mwisho na nauli ya kwenda kuwahoji wazee huko milimani, ni kidogo kuliko tulicholipa mwaka jana kwa maturubai na muziki.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo matatu.

Kwanza, muhtasari usahihishwe, usomeke hivi: "Ombi la sita lilichekwa, halikujadiliwa." Kitabu kikiandikwa uongo hakifungi, hata ukikijumlisha mara mia.

Pili, ombi hilo liwe la kwanza kujadiliwa mwaka huu, na mwombaji alitetee mwenyewe kama wengine.

Tatu, siku ya harambee mshereheshaji asome jina na kiasi, aseme asante, basi. Mwaka jana mama mmoja alitoa shilingi elfu mbili, kikatoka kipaza sauti kikisema, "Huyu ametuletea nauli ya kurudia." Watu walicheka. Yule mama alikuwa anatoa kila mwaka tangu umoja wetu uanze. Mwaka huu jina lake halimo kwenye daftari. Utani wa watani uendelee, wenye ndimi kali tunawafahamu na tunawapenda. Ila mwenye kipaza sauti na mwenye elfu mbili hawako sawa. Hapo hakuna zamu.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijarida, na mfuko wa elimu una mstari wake. Mwenye milioni aandike milioni, mwenye elfu mbili aandike elfu mbili, sisi tutazijumlisha kwa kalamu ile ile.

Binti yetu amekubali kuja siku ya harambee. Hatabeba soda. Atapewa kiti na kipaza sauti, na tumemwambia akitaka kututania sisi wa meza kuu, atutanie anavyotaka. Tutakaa kimya tumsikilize. Ni zamu yake.