Wazee Wetu, Historia Yetu

Leo tunazungumzia historia ya mahali mnapoishi.

Kwa mfano, Vita vya Maji Maji, vya kupinga utawala wa Wajerumani, vilipiganwa kusini mwa Tanzania kuanzia 1905 hadi 1907, na kwa miaka mingi habari zake zilitokana zaidi na maandishi ya Wajerumani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu vita hivyo. Mwaka huohuo Chama cha Historia cha Tanzania kikachapisha kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, kilichohaririwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe.

Nanyi mnaweza kuanzisha chama cha historia wilayani kwenu. Mwombeni mzee ruhusa kabla ya kumrekodi. Andikeni jina lake, kijiji, tarehe, na nani alimsimulia. Ulizeni asili ya majina ya mito na vilima, makaburi ya zamani, shule ya kwanza. Linganisheni masimulizi ya watu kadhaa. Nakala moja ya masimulizi hayo ibaki kwa familia, nyingine ipelekeni makumbusho au maktaba ya mkoa.

Msingoje msiba. Anzeni wiki hii, wazee wakiwa bado wapo.