Ramani ni Ushahidi

(Hotuba ya mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya alasiri, Kisauni, Mombasa)



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Masheikh wetu, maalim zangu mlionifunza kuanzia alifu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu: najua mna swaumu, na najua jikoni kunangoja, kwa hivyo sitawachosha. Nilipoombwa nizungumze, wenzangu walidhani nitawakataza simu. La. Leo nataka kuwaambia muitoe simu mfukoni, mvae viatu, mtoke mkatembee mtaani kwenu. Na nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, kwa sababu mwenye kutoa nasaha na aanze na nafsi yake.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, Nairobi, rafiki yangu mmoja alinionyesha OpenStreetMap. Hii ni ramani ya dunia nzima ambayo huchorwa na watu wa kujitolea, na mtu yeyote aweza kuitumia bure. Ilianzishwa mwaka 2004 huko Uingereza na Steve Coast, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kama mimi. Kwao ramani nzuri zilikuwepo, lakini zilikuwa na gharama na masharti mengi. Akasema, kwa nini tusitembee tukachora yetu? Leo maelfu kwa maelfu ya watu huichangia, na programu nyingi za simu huitumia kuonyesha njia.

Basi nikafungua akaunti, nikaitafuta Kisauni, nikautafuta mtaa wetu. Jamani, palikuwa peupe! Barabara kubwa ipo, lakini vichochoro vyetu, msikiti wetu, kioski cha maji, duka la dawa, hakuna. Kama vile hatuishi hapo. Niliona uchungu. Usiku ule nikiwa bwenini nikaanza kuchora kwa kufuata picha ya setilaiti. Nikichora njia moja, nachora nyengine, moyo unafurahi. Kati ya nyumba mbili nikaona uwazi mwembamba uliopita chini ya mwembe ukatokea nyumba ya nyanya yangu. Nikavuta mstari, nikahifadhi, nikalala.

Ramadhan iliyofuata nilikuwa nyumbani. Siku hiyo baada ya tarawehe nyanya akashikwa na pumu, si ile ya kawaida. Tukaita gari. Dereva alikuwa mgeni wa huku, na programu ya simu yake ilitumia ramani hii hii. Ikampitisha chini ya mwembe. Tunamngoja, hatumuoni. Tunampigia, anasema, "Nimefika, lakini mbele yangu kuna ukuta." Ukuta! Ile picha ya setilaiti ilikuwa ya zamani, na ukuta ulishajengwa. Mpaka akarudi kinyumenyume, akaelekezwa na vijana, akazunguka kwa upande wa pili, dakika arubaini zilikuwa zimepita. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kitanda, midomo imebadilika rangi, na mimi nimemshika mkono na ninajua ni nani aliyeuchora ule mstari.

Alhamdulillahi, nyanya alifika hospitali na akapona. Najua kila nafsi ina ajali yake, na hakuna ramani inayomuongezea mtu umri wala kumpunguzia. Lakini sote tumefundishwa kuwa ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Mimi ngamia wangu nilikuwa nimemfunga kwenye kivuli.

Aliporudi nyumbani nikamuomba msamaha, nikamueleza yote. Akaniuliza neno moja tu: "Mjukuu wangu, wewe ulipita pale?" Nikasema, "Hapana nyanya, niliona picha." Akaniambia, "Basi umetoa ushahidi wa jambo ambalo hukulishuhudia."

Ndugu zangu, neno hili la nyanya ndilo nililokuja nalo. Ramani ni ushahidi. Kila mstari unamwambia mgeni: hapa pana njia, pita, usiogope. Na mgeni anakuamini bila kukujua.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Sharif al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu, mwaka 1154 alimkamilishia Mfalme Roger wa Pili wa Sicilia kitabu kikubwa cha jiografia pamoja na ramani zake. Alifanyaje? Walikuwa wakiwauliza wasafiri waliofika wenyewe katika nchi hizo, wakilinganisha maneno yao, na wakichukua yale waliyoafikiana. Malindi na Mombasa zimo katika kazi ile. Na tuliosoma madrasa tunajua jinsi wanavyuoni wa hadithi walivyosafiri masafa marefu ili waisikie hadithi moja kutoka kwa aliyeisikia. Silinganishi daraja, audhubillah. Nasema tu kwamba ule mwendo wa kuuliza "nani kasema, na kaipata wapi" sisi tumelelewa nao. Na ramani hii ina kitu cha namna hiyo: kila badiliko limeandikwa jina la akaunti ya aliyelifanya na tarehe yake, na yaliyokuwepo kabla yake hayapotei, yanabaki kwenye kumbukumbu.

Sasa mtu ataniuliza, je, kuchora kwa setilaiti ni kosa? Hapana. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, ramani ya mji wa Port-au-Prince ilikuwa na mapengo makubwa. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walikaa mbele ya kompyuta wakachora barabara kwa picha za juu, na waokoaji wakazitumia. Hilo lilikuwa jambo la kheri. Lakini setilaiti haijui jina la kichochoro. Haioni kilicho chini ya mwembe. Haijui duka la dawa linafungwa saa ngapi, wala kama bomba lile lina maji. Hayo anayajua anayepita kwa miguu.

Tazameni Kibera. Mtaa ule wa watu wengi namna ile, kwenye ramani ulikuwa kama pengo. Mwishoni mwa mwaka 2009 vijana 13 wenyeji walipewa mafunzo na vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro vyao, wakaandika vyoo, sehemu za maji, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera. Majirani zetu wa Dar es Salaam nao walianza mradi wa Ramani Huria mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia pamoja na wenyeji katika kata zinazofurika, Tandale ikiwa miongoni mwazo, wakachora nyumba, njia na mitaro ya maji, ili mafuriko yakija ijulikane maji yanapita wapi. Wanafunzi kama sisi, mitaa kama yetu. Huko nako kazi ilifanywa na miguu.

Sasa mtasema, dada, sisi hatukusomea mambo haya. Nami nasema si lazima uyasomee. Ipo programu ya bure ya simu za Android inayoitwa StreetComplete. Ukiifungua, inakuonyesha pale ulipo, na alama kwenye vitu ambavyo ramani haina habari zake kamili. Unabonyeza alama, inakuuliza swali moja jepesi. Njia hii ni ya lami, ya kabro au ya mchanga? Ina taa usiku? Ngazi hizi zina mahali pa kushikia? Mtu wa kiti cha magurudumu aweza kuingia hapa? Unajibu, basi. Kama huna bando, unapakua eneo lako ukiwa kwenye Wi-Fi, unatembea, na majibu unayatuma ukirudi. Na ukiona jambo ambalo swali halikuliuliza, kama ukuta, unaacha ujumbe pale pale ili mjuzi arekebishe.

Dada zangu, hilo swali la taa msilipite hivi hivi. Sisi tunakwenda tarawehe usiku. Ni njia gani ina taa na ipi ni giza totoro, hilo sisi tunalijua kuliko mtu yeyote. Mama mgeni aliyehamia juzi halijui. Ukilijibu, umemsaidia bila yeye kukujua, na umebaki na dalili mkononi siku mtakapokwenda kuomba taa. Na tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuondoa kinachowaudhi watu njiani ni sadaka. Kumjulisha mtu kuwa mbele pana shimo, nataraji, hakuko mbali na hapo.

Lakini kazi hii ina adabu zake, nami naziweka nne.

Kwanza, usiandike usichokiona. Ukiwa na shaka, acha. Swali lisilojibiwa halimpotezi mtu. Jibu la uongo linampotezea dakika arubaini. Na huu ni mwezi wa Ramadhan: maduka yamebadilisha saa. Usiandike saa za Ramadhan ukadhani ndizo za mwaka mzima. Muulize mwenye duka.

Pili, usinakili kutoka ramani za makampuni. Zile ni mali ya watu, na sheria za OpenStreetMap zinakataza. Chukua kwa macho yako na kwa kuuliza wenyeji.

Tatu, sitiri watu. Hatuandiki nani anakaa nyumba ipi, wala hatupigi picha watu kwenye nyua zao. Siku moja mzee alinisimamisha akaniuliza kwa ukali, "Unaandika nini? Mnataka kuja kutubomolea?" Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikamuonyesha simu. Sikumlaumu. Watu wa pwani wana sababu zao za kuiogopa karatasi yoyote inayohusu ardhi. Na nilimwambia ukweli: ramani ya wazi iko wazi kwa kila mtu, hata kwa yule tusiyempenda. Ndiyo maana tunaandika vya umma, njia na maji na zahanati, wala hatuandiki majina ya wenye nyumba. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Basi andika na kisima cha msikiti, watu wengi hawakijui." Tukaenda pamoja, akanionyesha mwenyewe.

Nne, tembea kwa akili. Usitembee macho yako yakiwa kwenye simu, bodaboda hazina huruma. Simama kando, jibu, funga simu, endelea. Tokeni wawili wawili, mchana, na wazazi wajue mko wapi. Na adhana ikiingia, ramani ingoje.

Wazazi wetu, nanyi mna sehemu yenu. Sisi tuna simu, lakini majina mnayo nyinyi. Kuna vichochoro vina majina ya watu na miti ambayo haipo tena, na ukimuuliza kijana atakwambia "pale kwa yule wa viazi." Wakikuijieni watoto kuuliza, msiwafukuze. Kaeni nao barazani muwatajie.

Ombi langu ni dogo. Kuanzia kesho, baina ya alasiri na magharibi, kila kijana achukue njia moja tu: ile inayotoka mlangoni kwao mpaka msikitini. Dakika ishirini zinatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Tukiwa thelathini hapa, mwezi ukiandama mtaa huu hautakuwa tena peupe. Na msiishie hapo, kwa sababu ukuta hujengwa na mti hukatwa. Ramani isiyotembelewa inageuka kuwa uongo polepole, hata kama siku ya kwanza ilikuwa kweli.

Nami nilifanya nini? Siku ya pili yake, asubuhi, nilikwenda chini ya mwembe kwa miguu yangu. Nikaugusa ule ukuta. Kisha nikafuta mstari wangu, nikatembea upande wa pili ambapo gari lapita, nikauchora hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwa nyanya. Mkifungua kumbukumbu za ramani mtaikuta akaunti yangu pale mara mbili, siku niliyochora na siku niliyofuta. Sioni haya. Kumbukumbu ya makosa yetu iko kwa Mola hata kama hakuna kompyuta, nasi tuko katika mwezi wa kuyarekebisha.

Ewe Mola wetu, tukubalie swaumu zetu, utujaalie tuwe wenye kusema tulichokiona, na uwaponye wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.