Sentensi Moja Baada ya Jina: Nishani za Taifa na Haki ya Kuuliza Sababu



Miaka michache iliyopita, katika semina ya idara yetu, niliuliza kwa nini orodha ya nishani za taifa haitaji sababu ya mtu kutunukiwa. Mwanazuoni mmoja ninayemheshimu alinijibu mbele ya wanafunzi: "Nishani ni zawadi ya dola, na mtoa zawadi haulizwi." Wengi waliafiki. Jibu hilo limeninyima raha tangu siku ile, na jioni ya leo nakusudia kulivunja.

Historia mnaijua. Desturi ya kubandika herufi baada ya jina tuliirithi kwa Waingereza, tukazipa nishani majina yetu, Moyo wa Dhahabu na Mkuki Uwakao, na mwaka 2013 Bunge la Kenya likatunga Sheria ya Heshima za Taifa. Sitakaa hapo. Nina kesi na neno "zawadi".

Kifungu cha 132(4)(c) cha Katiba ya 2010 kinamruhusu Rais kutunuku heshima kwa jina la watu na Jamhuri. Anayetoa kitu kwa jina langu ni mkono. Mtoaji ni mimi. Mjomba akitumwa na ukoo kupeleka posa, akirudi huulizwa alibisha hodi nyumba ya nani na alisema nini huko. Hakuna anayemwona mkosa adabu yule aliyeuliza. Basi hata tukikubali kwamba mtoa zawadi haulizwi, watoaji ni sisi wananchi, na ni sisi tunaomuuliza tuliyemtuma.

Kisha, zawadi haina vigezo. Nampa mwanangu saa kwa kuwa nampenda, na yanaishia hapo. Lakini sheria ya 2013 imeweka vigezo: ushujaa, kujitolea, uzalendo, uongozi, mchango katika uchumi, sayansi, michezo, uandishi wa habari na nyanja nyingine. Ikaunda na kamati ya kumshauri Rais. Pakiwa na vigezo na washauri, kinachotoka ni uamuzi, na kila uamuzi una sababu yake. Sababu ikiwepo, kuificha kunahitaji utetezi, na neno "zawadi" si utetezi.

Mwanazuoni yule alikuwa na hoja ya pili, nayo ina uzito zaidi. Alisema usiri huwapa washauri uhuru wa kusema kweli, na huwasitiri waliopendekezwa wakakosa. Nakubali. Jina la aliyekosa lisitangazwe, na maneno ya chumbani yabaki chumbani. Ila hoja hiyo yote inamhusu aliyekosa. Haisemi lolote juu ya aliyepata. Uingereza kwenyewe, tulikojifunza usiri huu, London Gazette huchapisha karibu na jina kwamba mtu huyu ametunukiwa kwa huduma zake katika elimu, au afya, au jambo jingine. Tena mwaka 2012 serikali yao ilitoa orodha ya marehemu 277 waliokataa heshima kati ya 1951 na 1999, Roald Dahl na mchoraji L. S. Lowry wakiwamo. Tuzo ya Nobel nayo hufunga majina ya waliopendekezwa kwa miaka 50, lakini haifichi sababu ya mshindi hata siku moja. Mwaka 2004 Wangari Maathai alipata heshima mbili: Nobel ya Amani na nishani ya Moyo wa Dhahabu (EGH) ya Kenya. Ya kwanza ilitangazwa pamoja na sababu: mchango wake kwa maendeleo endelevu, demokrasia na amani. Ya pili ni yetu, nasi ndio tulioona alivyopigwa kwa ajili ya miti na alivyoupigania uwanja wa Uhuru Park.

Naomba sasa nilizungumzie Gazeti Rasmi la Kenya, chapisho ninalolipenda kuliko jarida lolote la kitaaluma. Lilianza mwaka 1899, na hutoka kila Ijumaa. Fungua toleo lolote. Mkulima amepoteza hatimiliki: utasoma jina lake, nambari ya kiwanja, ukubwa wake kwa hekta na mahali kilipo, na mwenye pingamizi anapewa siku 60. Mtu amefariki: utasoma jina lake, mahali alipofia na tarehe, na mwenye neno juu ya mirathi anapewa siku 30. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi, na kila mara hunigusa kuona dola ikimwita mwananchi wa kawaida aje aseme analolijua juu ya robo ekari ya jirani yake. Kisha inakuja orodha ya nishani ya Desemba 12: cheo, chini yake majina, safu kwa safu. Hakuna kazi iliyofanywa, hakuna mahali, hakuna siku za pingamizi.

Kijijini kwetu Kwale palikuwa na mkunga. Alinipokea mimi, akawapokea na wadogo zangu wote. Usiku wa mvua alikuwa akivuka mto akiongozwa na kandili, na kwa mjamzito asiye na kitu hakudai hata nauli. Nilimwandikia pendekezo la kurasa nne, nikalipeleka mwenyewe katika ofisi moja, nikagongewa muhuri wa mapokezi. Nilirudi mara tatu. Sikuambiwa amekosa, wala kwamba jina lake lilifika popote. Alifariki, nami bado ninayo nakala yenye muhuri.

Huenda wapo waliomzidi. Ningewakubali kwa moyo mmoja kama ningesoma walichofanya. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: kila jina lifuatwe na sentensi moja ya sababu, na orodha ikae wazi siku 30 kabla ya kutunukiwa.

Lakini tusingoje sheria mpya. Ninyi wanafunzi, chukueni orodha ya Desemba iliyopita, kila mmoja achague jina moja, aandike barua kuomba sababu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kuamua. Asipojibu, malalamiko yenu yapelekeni Tume ya Haki ya Utawala.