Masafa ni Yale Yale, Saa Si Zile Zile

Mtu akaaye Kizingo, karibu na mnara wa taa, huziona meli zikiingia Kilindini, wala haoni ajabu kusikia kwamba chombo kimecheleweshwa na upepo. Lakini mwanawe akisafiri kwa ndege kwenda New York, akaambiwa kwamba kwenda ni mwendo wa saa 15 na kurudi ni saa 14, hushangaa, maana njia ni moja. Yafaa jambo hili lielezwe, kwa kuwa wazazi wengi hukosa usingizi kwa hesabu iliyokosewa.

Mwaka 1937, ndege za majini za Imperial Airways zilipokuwa zikitua Mombasa katika safari ya Southampton hadi Durban, abiria walilala nchi kavu kila usiku, na safari ilihesabiwa kwa siku. Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, masafa ya kilomita 11,800 hivi. Tangu hapo hesabu ni ya saa.

Sababu ya kwanza ya tofauti ni upepo. Manahodha waliotia nanga Mji wa Kale walijua kwamba jahazi huletwa kutoka Arabuni na kaskazi, na kurudishwa na kusi. Huko juu, kiasi cha kilomita 10 kutoka ardhini, upande wa kaskazini wa dunia, uko upepo mwingine wenye nguvu uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Marekani huukabili. Irudiyo husukumwa nao. Ndege haingoji msimu kama jahazi, bali hulipa kwa saa na kwa mafuta.

Sababu ya pili ni saa ya ukutani. Wakati wa baridi, saa ya New York huwa nyuma ya saa ya Kenya kwa saa 8. Wakati wa joto, kwa saa 7. Basi ndege ikiondoka Nairobi saa 5 usiku wakati wa baridi, ikaruka saa 15, hufika New York saa 12 asubuhi ya huko, kana kwamba imeruka saa 7 tu. Lakini Kizingo wakati huo ni saa 8 mchana. Mama aliyetazamia simu tangu alfajiri atakuwa amekwisha kuingiwa na hofu, hali mwanawe yu salama.

Kwa hiyo amngojeaye msafiri na atende mambo mawili. Kwanza, asome tikiti vizuri: 23.00 iliyoandikwa humo ndiyo saa 5 usiku. Pili, saa ya kufika aigeuze iwe saa ya Kenya kabla ya kuanza kuhesabu. Hapo ndipo atakapolala.