CHAGUA UFITO KWA SAMAKI, SI KWA MACHO

(Mazungumzo kwa wanakikundi cha uvuvi, Kalimawe, Wilaya ya Same)



Leo tunazungumza juu ya fito na rili za kuvulia samaki. Rili ni kile kigurudumu kinachokunja mshipi kwenye ufito. Tunazungumza kwa sababu tulikosea, na kosa lile lilitugharimu fedha za mpunga na za tangawizi. Fedha zilizobaki mfukoni mwa kikundi ni kidogo. Tukikosea tena, mara ya tatu haipo.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Ndugu yetu mmoja aliyewahi kukaa Mwanza alitusimulia jinsi wavuvi wa kule wanavyorambaza. Kurambaza ni kuvua huku chombo kinatembea. Mshipi unaburutwa nyuma, na mwisho wake pana samaki wa bandia au kijiko cha bati kinachometameta. Samaki mkali anadhani ni dagaa anayekimbia, anakirukia, ananaswa. Tulifurahi! Tukachanga, tukanunua fito mbili nene na rili mbili kubwa. Tukapiga kasia siku sita. Hatukupata hata mmoja.

Je, fito zilikuwa mbovu? Hapana. Zilikuwa nzuri sana, lakini zilitengenezwa kwa samaki mwingine.

Sangara wa Ziwa Viktoria anakula samaki wenzake. Aliletwa katika ziwa lile miaka ya 1950 na 1960, na anaweza kufika kilo mia na zaidi. Huyo anarambazwa. Perege wetu hana haja ya kukimbiza kijiko cha bati. Yeye anakula ukijani wa majini na vitu vidogo vidogo. Naye kambale anapenda kupapasa chini kwenye tope, hasa giza linapoingia, akifuata harufu. Sasa sisi tukapita juu yao na bati letu! Hata sisi tungekuwa perege tungecheka.

Basi funzo la kwanza ni hili: kabla ya kutazama ufito, ulizeni, "Samaki wetu ni nani, na anakula nini?"

Funzo la pili linatuhusu sisi tuliojifunza kusoma. Ufito wa dukani umeandikwa. Karibu na mshikio pana namba. Zinaonyesha urefu wa ufito na nguvu ya mshipi unaoufaa. Maneno huenda yakawa ya kigeni, lakini namba ni zile zile tulizojifunza darasani. Mkiona herufi KG, ni kilo. Mkiona LB, ni ratili. Ratili 10 ni kama kilo 4 na nusu. Siku ile sote tulikuwa dukani, sote tunajua kusoma, na hakuna aliyesoma. Tulitazama rangi. Hiyo ndiyo aibu yetu kubwa kuliko hasara.

Sasa tuzitenganishe kazi.

Ufito wa kurambaza ni mfupi na mgumu. Rili yake hukaa juu ya ufito, na mshipi hujikunja kwenye pipa dogo linalozunguka. Inabeba mshipi mrefu na mnene. Anayekwenda kuvua sangara na achague huo.

Kwa perege, ufito mwepesi unaopinda kwenye ncha unatosha. Rili ndogo inayoning'inia chini ya ufito ni rahisi kwa anayejifunza. Mshipi wa kilo 3 hadi 5, ndoana ndogo, kiboya, na chambo cha mnyoo au donge dogo la ugali. Hata mwanzi uliokauka vizuri, usio na rili kabisa, unamleta perege wa kando ya bwawa.

Kwa kambale tafuteni ufito wenye nguvu zaidi, mshipi wa kilo 10 hadi 15, ndoana kubwa, na chubwi la kushusha chambo chini. Matumbo ya samaki na minyoo humvuta.

Mkifika dukani, msione haya kujaribu. Kwanza, pitisheni kipande cha pamba ndani ya kila pete ya ufito. Pamba ikinasa, pete hiyo ina mkwaruzo, nayo itakata mshipi. Pili, zungusheni rili taratibu. Ikikwama au ikilia, iacheni. Tatu, tazameni breki. Breki ni ile sehemu inayoiruhusu rili kuachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu. Isipoachia, mshipi unakatika na samaki anakwenda na ndoana.

Breki hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Fungeni mshipi kwenye mizani, mmoja ashike ufito, mwingine avute. Someni mizani pale rili inapoanza kuachia. Iwe kama theluthi moja ya nguvu ya mshipi au chini kidogo. Mshipi wa kilo 15, breki iachie kwenye kilo 4 au 5. Hesabu ndogo, lakini inaokoa samaki mkubwa.

Mkirudi nyumbani, osheni tope kwa maji safi, kausheni, tieni tone la mafuta kwenye rili. Mshipi wa nailoni msiuache juani, maana jua huudhoofisha.

Wengine wanauliza, "Kwa nini tusumbuke na ndoana, wakati kokoro linazoa mamia?" Ndugu, kokoro linazoa na watoto wa samaki. Wenzetu wa Nyumba ya Mungu walipata samaki wengi ajabu bwawa lilipokuwa jipya, mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye wakapungua sana. Samaki asiyeachwa azae hana mtoto wa kuvuliwa kesho. Ndoana inachagua, na mdogo tunaweza kumrudisha majini akiwa hai. Tusisahau pia leseni, na kumwuliza Bwana Samaki kabla ya kununua.

Zile fito mbili bado tunazo. Shauri letu ni kwamba tumtafutie mnunuzi anayevua sangara, hata kama bei itashuka. Fedha hizo, pamoja na akiba, tununue fito nyepesi mbili za perege na moja ya kambale. Tukizipima zikafaa, ndipo tuongeze. Atakayekwenda dukani awe na mwenzake. Mmoja ashike fedha, mwingine asome namba kwa sauti.

Kisomo tulikipata kwa taabu, usiku, baada ya jembe. Tukitumie.