KOMPYUTA YA NYUMBANI NI AMANA: TUIHIFADHI VIPI?

(Muhadhara uliotolewa Wingwi, Pemba)

 



Kompyuta imeingia majumbani mwetu hapa Wingwi, kama ilivyoingia Konde, Wete na Chake Chake. Nyingi zilikwishatumika ng'ambo kabla ya kutufikia, na nyingi zinaendeshwa kwa Windows. Ndani yake mna nini? Mna majina ya wanafunzi wa chuo na michango ya wazee wao. Mna hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Mna darsa za masheikh ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki, na sauti zao hazitorikodiwa tena. Mna vyeti vya kuzaliwa, na mna picha za harusi ambazo hazikukusudiwa kuonwa na kila mtu.

Ndugu zangu, vingi katika vitu hivyo si mali ya mwenye kompyuta. Ni vya watu, naye amewekeshwa tu. Mwenye kuwekeshwa hana budi kujiuliza: ninavitunza vipi? Jambo ninalotaka tutoke nalo leo ni moja. Kuihifadhi kompyuta si kazi ya fundi siku inapoharibika. Ni kazi ya mwenye nyumba, kidogo kidogo, kabla haijaharibika.

KWANZA: UMEME, CHUMVI NA VUMBI

Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga ulipotuunganisha na gridi ya Taifa. Neema hiyo ni kubwa, lakini umeme bado hukatika, na hurudi kwa kishindo. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla huku inaandika katika diski, faili huweza kuharibika, na mara nyengine Windows yenyewe ikakataa kuwaka. Mwenye uwezo anunue betri ya akiba, ambayo mafundi huiita UPS, ili apate dakika chache za kufunga kazi yake na kuizima kwa utaratibu. Asiye na uwezo huo, umeme ukikatika achomoe plagi, asiirejeshe mpaka umeme urudi na utulie. Na laptop ambayo betri yake imekufa ihesabiwe kuwa sawa na ile ya mezani.

Sisi ni watu wa pwani, na hewa yetu ina unyevu na chumvi. Kompyuta hupoa kwa feni. Vumbi likiziba matundu, joto hupanda na chombo huchakaa mapema. Isafishwe kwa brashi laini ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Na kile kitambaa cha kutarizi tunachoifunikia kwa mapambo kiondolewe kabla ya kuiwasha.

PILI: MLANGO WA FLASHI

Wengi wetu tukisikia neno virusi hufikiria intaneti. Lakini kwetu flashi nayo ni mlango mkubwa, kwani hutoka nyumbani ikaenda skuli, ikapita duka la fotokopi, ikarudi jioni na kila ilichokiokota njiani. Mwishoni mwa mwaka 2008 kirusi kilichoitwa Conficker kilianza kuenea duniani, na flashi ilikuwa moja ya njia zake. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzizuia Windows za zamani zisiendeshe zenyewe programu iliyomo katika flashi. Tangu hapo virusi vya aina hiyo hungojea mkono wa mtu uvibonyeze.

Mfano wake mnaujua. Mtu hufungua flashi akakuta folda zake zote zimegeuka shotikati. Hapo wengi hudhani kazi zao zimepotea, wakaifomati flashi, na hapo ndipo zinapopotea kweli. Aghlabu folda zenyewe zimefichwa tu. Usizibonyeze zile shotikati. Ipime flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha iamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa, na unakili vilivyo vyako.

Kuhusu programu hiyo ya kuzuia virusi, tangu Windows 8 ya mwaka 2012 inakuja ndani ya Windows yenyewe, nayo leo huitwa Microsoft Defender. Kwa nyumba ya kawaida inatosha, maadamu haikuzimwa na inapata taarifa mpya. Kuweka mbili au tatu za kulinda kwa pamoja hakuongezi ulinzi. Hugombana, na kompyuta ikawa nzito.

TATU: PROGRAMU ZILIZOVUNJWA KUFULI

Kuna programu za kulipiwa ambazo watu huzivunja kufuli na kuzigawa bure. Madhara yake ni mawili. La mwanzo ni la usalama. Aliyeivunja humjui, na kwa kawaida hukutaka uzime kinga ya kompyuta kabla ya kuiweka. Mgeni anayekutaka umfunge mlinzi ndipo aingie, je, utamkaribisha ndani?

La pili ni haki ya mwenye kazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zinalindwa kisharia, wala haifai kuzivamia. Na hatuna dharura, kwani zipo programu ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa ridhaa yao. LibreOffice huandika barua na kufanya hesabu, na Linux huendesha kompyuta nzima badala ya Windows.

NNE: MAREKEBISHO YASIPUUZWE

Windows, kama nyumba, huonekana nyufa baada ya watu kuhamia. Kila mwezi Microsoft hutoa marekebisho ya kuziba nyufa hizo. Wengi wetu tunayazima kwa kuogopa kumaliza kifurushi. Tuzingatie yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi yalitolewa marekebisho ya kuziba ufa mmoja. Tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika ufa huohuo. Kilifunga mafaili ya watu na kudai kikomboo cha dola 300, kikafika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kompyuta zilizokwishapata marekebisho yale hazikuingilika kwa njia ile. Basi tutenge kifurushi kimoja kwa mwezi kwa kazi hii. Ni gharama, lakini kikomboo ni gharama zaidi.

Na kila Windows ina ajali yake. XP iliachwa kutengenezewa mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha katika huduma ya nyongeza wameongezewa muda hadi Oktoba 2026. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye nayo ana khiyari: aiwekee Linux, au aiondoe kabisa katika intaneti na aitumie kwa kuandikia na kusikilizia darsa.

TANO: AKAUNTI, NENO LA SIRI NA VITISHO

Usiitumie kila siku akaunti ya msimamizi, ile yenye mamlaka yote. Fungua akaunti ya kawaida kwa ajili yako, na nyengine kwa watoto. Mtoto akibonyeza asichokijua, Windows itauliza neno la siri la msimamizi kabla ya kuweka programu, na madhara mengi yataishia mlangoni. Neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mwanao wala namba ya simu. Na lile la barua pepe lisifanane na jengine lolote, kwani aliyeipata barua pepe yako aghlabu ameupata ufunguo wa mengine.

Ukitokea ukurasa unaopiga kelele kwamba kompyuta yako imeingiliwa, na kukutaka upige namba fulani, ufunge tu. Tahadhari za kweli za Microsoft haziandikwi namba ya simu.

SITA: NAKALA

Ndugu zangu, hata ukiyafanya yote haya, diski itakufa siku moja. Hakuna diski isiyokufa. Kwa hiyo kitu chenye thamani kiwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje ambayo haiachwi imechomekwa, na moja nje ya nyumba, kwa ndugu unayemwamini. Moto, mwizi au kirusi kikiingia nyumba moja, kisizikute zote.

Wanavyuoni wetu wa zamani walipomaliza kunakili kitabu hawakukitegemea mpaka wafanye muqabala, yaani kukilinganisha na asili yake. Nasi tufanye hivyo. Ifungue nakala, isikilize darsa mwanzo na mwisho, uangalie orodha ya wanafunzi kama imetimia. Nakala ambayo haijafunguliwa ni dhana tu.

SABA: STARA

Kompyuta inapopelekwa kwa fundi, au inapouzwa, stara ya nyumba hutoka nayo. Picha za familia zihamishiwe kwanza katika diski ya nje. Kufuta faili, hata kumwaga kapu la taka, hakuliondoi mara moja katika diski. Mwenye ujuzi huweza kulirejesha. Kabla ya kuuza, chukua nakala zako, kisha katika mipangilio chagua kuirejesha Windows upya pamoja na kufuta kila kitu na kuisafisha diski. Itachukua saa nyingi, na mwachie muda wake. Mafundi wetu wengi ni waaminifu, lakini si uadilifu kumpa mtu mtihani usiokuwa na haja.

KWA MUKHTASARI

Kila wiki, nakala ya vipya na kupima flashi. Kila mwezi, marekebisho, vumbi, na muqabala wa nakala. Siku ya kuuza au kutengeneza, stara kwanza. Nyumba yenye kijana wa skuli imkabidhi yeye kazi hii, na mzee aulize kila mwisho wa mwezi kama imefanywa.

Tunamuomba Allah atuwezeshe kuzitunza amana za watu zilizo mikononi mwetu. Wabillahi tawfiq.