Msitu Usio na Kisima
Maneno yaliyotolewa kwa walimu kabla ya ziara ya wanafunzi katika Kisiwa cha Chumbe



Kisiwa cha Chumbe kipo kusini-magharibi ya Unguja, mwendo wa boti usiofika saa moja kutoka pwani ya Mbweni. Wengi wanakijua kwa mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904, na kwa matumbawe yake ambayo yamehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1994. Msitu ulio nyuma ya mnara hauzungumzwi sana, ingawa ndio wenye somo kubwa zaidi kwa watoto wetu.

Chumbe hakuna kisima wala chemchemi. Kisiwa kizima ni jiwe la matumbawe ya kale lililoinuka juu ya bahari, na mvua ikinyesha hupenya katika nyufa ikapotea. Udongo ni mboji haba iliyojikusanya katika vishimo vya mwamba. Hata hivyo miti imesimama na kufungamana, mizizi yake ikiteremka nyufani kutafuta unyevu. Kiu hiyo ndiyo iliyoulinda msitu: pasipo maji hapakuwa na kijiji wala konde, na shoka halikupata kazi kubwa. Huku Unguja, ardhi ya maweni ya namna hiyo hiyo imekatwa kwa kuni, kwa mkaa na kwa matanuri ya chokaa, tena mara nyingi kabla kichaka hakijarudi kimo chake. Mtoto aweza kukulia kando ya maweni asijue kuwa palipata kuwa msitu.

Paa nunga, ambaye duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, alihamishiwa Chumbe ili pawepo akiba endapo atatoweka kwengine. Yupo pia kaa mnazi, mkubwa kuliko kaa wote waishio nchi kavu. Hutoka usiku na hupanda miti. Mahali pengi ameliwa hadi akaadimika.

Jambo la kusisitizwa ni panya. Waliingia kisiwani kwa vyombo vya bahari, wakawa balaa kwa mayai na makinda ya ndege, na kuwaangamiza kulihitaji kazi kubwa katika miaka ya 1990. Panya mmoja mwenye mimba akijificha ndani ya kikapu cha chakula anatosha kuirudisha balaa hiyo. Kwa hiyo kila kikapu na kila mkoba ufunguliwe na kutazamwa ufukweni Mbweni, mbele ya mwalimu, kabla mtoto hajapanda boti. Mtoto asione haya wala mzazi asione amedharauliwa.

Maji yanayotumika kisiwani ni ya mvua, hukingwa kwa mapaa na kuhifadhiwa katika matangi yaliyo chini ya nyumba. Vyoo havitumii maji kabisa. Kinachoingia humo hugeuka mbolea. Wapo waliorudi wakilalamika kwamba huko hakuna maji ya kuvuta chooni. Ni kweli, na ndivyo ilivyokusudiwa, na inafaa watoto waelezwe mapema, hasa wale waliozoea kuuacha mfereji wazi nyumbani.

Ziara za skuli hugharimiwa kwa mapato ya wageni wanaolala kisiwani, na nafasi hazitoshi watoto wote. Mwanafunzi atakayekwenda huenda asipate safari ya pili. Asiende kutembea tu na kupiga picha. Aulizwe, akiwa ndani ya msitu, mti aliousimamia unakunywa wapi.

Viatu viwe vya kufunika mguu, kwani mawe ni makali kama wembe. Kombe, majani na mbegu vibaki vilipo. Boti huondoka kwa kufuata hali ya bahari, kwa hiyo wanafunzi wafike asubuhi mapema, na kila mmoja avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni.